Shifa si Shika

Mtu wa Mji wa Kale ukimwita mbwa atakupiga. Ukimwita mbwa kwa jina lake, hatakupiga. Atakupiga marufuku nyumbani kwake mpaka siku ya kufa. Menza hakulijua hilo, na kutojua kwake ndiko kulikomponza yeye na Shifa.

Habari ililetwa na Fuad, kaka yake Shifa, mchana wa Jumamosi. Aliingia na viatu vyake mpaka ukumbini, jambo ambalo siku nyingine mama yake asingelivumilia.

"Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili, baba," alisema akihema. "Nilikuwa Kizingo juu ya paa la watu, nafunga antena. Nikasikia mtu aita, 'Shifa! Shifa!' Nikasema, leo si siku yake ya kusomesha, yuafanya n'ni huku? Kuchungulia nyumba ya pili, namuona huyo Menza wenu amesimama kati ya bustani. Na anayemwita yuaja mbio, ulimi nje. Mbwa, baba! Yuamwita mbwa kwa jina la dadangu!"

Mzee Kamaludin aliweka kikombe cha kahawa chini. Alikuwa fundi wa saa, mtu aliyezoea kazi za taratibu, na hata hasira zake zilikuja taratibu. Nyuma ya pazia la chumbani, Shifa alisogea karibu asikie vyema.

Wiki ile ile wazee wa Menza walikuwa wamevuka feri kutoka Matuga, wakakalishwa barazani, wakala halua, wakaleta posa. Watu walikuwa na yao ya kusema. Mdigo wa bara, na tena mfunza mbwa! Nyumba ya Kamaludin, nguo ikiguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini mzee alikuwa amewajibu wasemaji kwa neno moja: "Kazi huachwa. Dini ndiyo haiachwi, na dini anayo." Mwanatumu mkewe, aliyemjua mumewe kuliko mumewe alivyojijua, alikuwa ameshamwambia binti aanze kujisinga kwa liwa kama biharusi.

Na sasa hili.

"Labda hukusikia vyema," Kamaludin alisema.

"Nimesikia, baba!"

"Shika!" Sauti ilitoka jikoni. Mwanatumu alijitokeza akijifuta mikono kwa leso. "Alisema shika, we Fuad. Watu wa mbwa husema shika. Shika huku, shika kule. Wewe wajua n'ni habari za mbwa?"

"Mama, shika huambiwa mbwa amkamate mwizi. Huyu alikuwa aitwa."

"Na wewe ulikuwa juu ya paa, upepo wavuma, nyundo mkononi. Shika na shifa, juu ya paa, yote si moja?"

Mzee alimtazama mkewe, na uso wake ukakunjuka kidogo. Alikuwa akitaka kuamini, na mtu anayetaka kuamini humshikilia yeyote anayemsaidia. "Jumamosi ijayo, baada ya alasiri, tutakwenda wenyewe tukasikie," alisema. "Ikiwa ni shika, Fuad, utamtaka mwenzio msamaha. Ikiwa ni jina la binti yangu..." Hakumaliza. Alikinywa kile kikombe chake, nacho kilikuwa kimeshapoa.

Usiku ulipita Shifa yu macho makavu. Asubuhi alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, kweli alisema shika?"

"Kwani mimi nilikuwako?" Mwanatumu hakuinua uso kutoka kwenye nazi aliyokuwa akiikuna. "Kesho si waenda kusomesha? Muulize. Ikiwa ni shika, alhamdulillahi." Akakuna, akakuna. "Na ikiwa siyo, na iwe."

*

Nyumba ya Kizingo ilikuwa ya wakili mmoja, Bwana Lennox, na mkewe Beryl. Shifa alikwenda siku tatu kwa wiki kumsomesha binti yao Kiswahili. Mbwa wao aliitwa Radi, mbwa wa kuchungia kondoo, kabila lililotoka Uskoti, mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Nani aliyemwambia Bwana Lennox kwamba Kizingo kuna kondoo, Mungu ndiye ajuaye. Mbwa wa namna ile akikosa kazi hujitafutia. Radi alikuwa amekula viti viwili vya veranda na mpira wa kumwagilia maua, na akawa anachunga watoto wa jirani, akiwazunguka mpaka wakusanyike pembeni wakilia. Ndipo Menza alipoajiriwa. Alimkimbiza ufukweni alfajiri kabla ya jua kuwa kali, akamchana manyoya na kumtoa kupe, akamfundisha keti, lala, ngoja. Miezi michache tu, na mbwa aliyekuwa balaa akawa anakaa getini kama askari.

Siku za masomo, Menza alimfunga Radi nyuma ya nyumba. Shifa alipotoka, Menza alisimama mbali, mkono kwenye ukosi wa mbwa, ili pua yenye maji isije ikagusa buibui lake. Hakuwahi kuambiwa afanye hivyo. Heshima ile ya kusimama mbali ndiyo iliyomkaribisha moyoni mwa Shifa, na zilipokuja salamu, kisha maneno mawili matatu penye ukuta wa asumini, alikuwa ameshampenda zamani.

Jumatatu ile Shifa alimkuta pale pale kwenye asumini. Hakumsalimu.

"Menza, mbwa unamwita nani?"

Menza aligeuka akamtazama. Alikuwa kijana mrefu, mwenye macho yasiyojua kuficha. Yalimwambia kabla ya mdomo.

"Nani amekwambia?"

"Nijibu."

"Shifa," alisema, na Shifa hakujua kama hilo ndilo jibu au yeye ndiye anayeitwa.

Alihisi moto ukimpanda kutoka miguuni. "Menza! Mimi? Jina langu? Jina nililopewa na bibi yangu aliyekufa, jina la dawa, umempa mbwa?"

"Sikumpa. Yeye ni Radi. Lile ni neno la kumwitia arudi." Alitazama chini. "Nisikilize, kisha unitukane utakavyo. Neno la kumwitia mbwa halichezewi. Ukimwita kwa neno hilo akaja ukampiga, siku ya pili haji. Atakuwa barabarani, gari laja, unamwita, na yeye anakutazama tu. Bwana Lennox alikuwa ameshaliharibu 'njoo'. Kila njoo ni kiboko. Kwa hivyo nikatafuta neno jingine. Neno ambalo hata akinitafuna mkono siwezi kulisema kwa hasira. Hata nikiumwa. Hata nikifiwa." Sasa alimtazama. "Nilitafuta katika maneno yote ninayoyajua, Shifa. Nilipata hilo moja tu."

Yako maneno ambayo mwanamke huyangoja maisha yake yote, na Shifa aliyapata siku ambayo hakuweza kuyapokea. Alitaka kulia. Alitaka kumpiga kwa mkoba. Alitaka, Mungu amsamehe, kumwomba aliseme tena.

"Kwetu hawatalisikia hivyo," alisema taratibu.

"Watalisikiaje?"

"Watasikia mbwa, Menza. Mbwa tu."

Akamsimulia yote: Fuad juu ya paa, mama na shika yake, baba na Jumamosi yake. Menza alisikiliza huku akikatakata jani la asumini kwa kucha.

"Mama yako anataka niseme uongo."

"Mama yangu anataka niolewe nawe. Nawe hutaki?"

"Nataka mpaka naogopa." Akatupa jani. "Nitasema. Lakini mbwa hajui kusema uongo. Yeye lazima afundishwe."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Menza alimweleza kwamba mbwa hafutiwi neno. Hupewa jipya juu ya la zamani. Unaanza na jipya, unafuatiliza lile analolijua, unampa kipande cha ini. "Shika! Shifa!" Ini. "Shika! Shifa!" Ini. Kisha la pili unalipunguza sauti, unalinong'ona, mwishowe unaliacha. Radi alikuwa na akili kupita kiasi. Jumatano alikuwa anakuja kwa shika peke yake, masikio wima, akisimama miguuni pa Menza akitetemeka kwa hamu ya kutumwa tena. Shifa alitazama kupitia dirisha la chumba cha masomo. Kila mara jina lake lilipozidi kufifia mdomoni mwa Menza, kitu kilimchoma ambacho hakuwa na ruhusa ya kukionea uchungu.

"Amesahau?" alimuuliza Ijumaa, siku ambayo hakuwa na somo, kwa simu ya nyumba ya jirani, akisingizia kumuulizia mwanafunzi wake.

"Amejifunza," Menza alijibu. "Kusahau ni jambo jingine. Mimi lakini nimeshalifunga mdomoni. Halitanitoka."

Wote wawili waliridhika na jibu hilo. Mapenzi humfanya mtu aone mlango mmoja wa nyumba na kusahau mingine yote.

*

Jumamosi Mzee Kamaludin alivaa kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono. Fuad aliendesha gari, uso umemvimba. Beryl aliwakaribisha kwa adabu kwenye veranda, na mzee akakubali soda, kwa kuwa chupa ilifunguliwa mbele yake. Shifa aliketi ndani ya mlango na Beryl.

Menza alikuja amevaa shati safi, akasimama mbali, Radi pembeni yake.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Hujambo? Wazee hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Haya. Wajua kilichotuleta." Kamaludin alipangusa mdomo kwa kitambaa. "Kijana wangu huyu yuasema alisikia jambo. Mimi nasema sikio si kitu cha kuaminiwa. Hebu tuonyeshe umwitavyo mnyama wako."

Menza alimwambia Radi ngoja, akatembea mpaka mwisho wa bustani, kwenye ukuta. Shifa alifumba macho.

"Shika!"

Mbwa aliinamisha kichwa upande mmoja. Kwa pumzi moja hakuna kilichotokea, na Fuad alianza kuinuka kitini. Kisha Radi alifyatuka, tumbo karibu ligusane na majani, akafika miguuni pa Menza na kuketi.

"Tena," Fuad alisema.

"Shika!" Akaja tena. Na mara ya tatu.

Mzee Kamaludin alicheka. Shifa hakukumbuka mara ya mwisho aliposikia baba yake akicheka kicheko kile cha tumboni. "Fuad, masikio yako yataka kusafishwa na fundi. Nitakusafishia mwenyewe na bisibisi ya saa."

"Baba, mimi nilisikia..."

"Ulisikia upepo. Mtake mwenzio msamaha."

Fuad alitaka msamaha akitazama viatu vyake. Menza alimpa mkono. Mzee akamuuliza kama yu tayari kuiacha kazi ya mbwa akioa.

"Nitaiacha," Menza alisema. Aliteremsha macho kwa Radi, mara moja tu. "Nitaiacha, mzee."

"Haya. Waambie wazee wako warudi. Mambo ya heri hayacheleweshwi." Kamaludin akasimama, akaweka kanzu yake sawa, moyo mweupe, mtu aliyekuja na mzigo na sasa anarudi mikono mitupu. Akageuka kuelekea mlangoni alikokuwa binti yake, na kwa sauti ya upole aliyomwitia tangu alipoanza kutambaa, akasema:

"Shifa! Ndoo mwanangu, twende zetu."

Shifa alifungua mdomo aseme labeka. Hakuwahi. Radi alikuwa ameshafika.

Alikuja mbio zote, kwa furaha yake yote, kwa neno ambalo maisha yake yote halikuwahi kumletea ubaya. Aliketi mbele ya mzee, pua juu ya kanzu, akailamba ile mikono iliyokuwa ikingoja kumshika binti. Kisha akainua uso kungoja ini lake.

Beryl alishika mdomo. Fuad, ambaye wiki nzima alikuwa akiomba ushindi, alipoupata hakuutaka. Alisema tu, "Yallah," kwa sauti ndogo.

Mzee Kamaludin aliitazama kanzu yake, akaitazama mikono yake. Aliiweka mbali na mwili, kama mtu asiyejua atakwenda nayo wapi.

"Kwa hivyo ni kweli," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile yao ilikuwa fupi kupita zote. Ilianzia ukutani ikaishia verandani.

"Ni kweli, mzee," Menza alisema. Alikuwa ameshamkamata Radi kwa ukosi na kumrudisha nyuma.

"Na ile shika?"

"Nilimfundisha wiki hii."

"Nani aliyekwambia nitakuja kusikiliza?" Sauti ya mzee haikupanda, na afadhali ingepanda. Alimgeukia binti yake. "Shifa. Wewe ulijua?"

Shifa alimwona baba yake, uso ule uliokuwa ukicheka sasa hivi. Alijua neno la kusema. Lilikuwa fupi, silabi mbili, na ukweli wake ungewaangusha wote watatu pamoja: yeye, na Menza, na mama aliyeko nyumbani akingoja habari njema. Angalau wangeanguka pamoja.

"Hakujua," Menza alisema.

"Sikukuuliza wewe."

"Hakujua, mzee. Nilisikia kwa watumishi wa nyumba ya pili kwamba kaka yake alikasirika. Nikafanya hila zangu peke yangu. Yeye hana habari."

"Na jina la binti yangu ulilitwaa kwa nini? Alikukosea nini?"

Hapo Menza alikuwa na jibu. Shifa alilijua jibu lile, alikuwa akilala nalo tangu Jumatatu. Alimwona akilifikia. Lakini jibu lile lingesema kwamba walipendana kabla ya posa, kwamba kulikuwa na asumini na maneno penye ukuta, na Mji wa Kale ungelitafuna mpaka Shifa azeeke.

"Halikuwa na maana," Menza alisema. "Ni neno jepesi kwa mbwa, mzee. Basi. Ningeweza kuchukua lolote."

Mapenzi ya Menza hayakuwahi kuwa makubwa kama saa ile alipoyakana. Na Shifa, aliyengoja kuona kama ulimi wake utafunguka, aliona haufunguki. Baba yake alikuwa akimtazama. Fuad alikuwa akimtazama. Menza peke yake hakumtazama, ili asimlazimishe.

Alinyamaza. Kimya chake kikawa ndilo jibu, na kila mtu pale akakielewa kama alivyotaka.

"Haya," Kamaludin alisema. "Waambie wazee wako wasisumbuke kuvuka."

*

Ile kanzu Shifa aliifua mwenyewe uani. Mama yake alitaka kumpokea, akakataa. Mchanga aliuchota kwenye ndoo, akausugua kitambaani mpaka vidole vikamwasha, kisha maji, kisha maji, kisha maji, mpaka zikatimia mara saba. Mwanatumu aliketi kwenye kibao karibu naye.

"Alisema nini, kijana wa watu?"

"Alisema mimi sikujua."

"Nawe?"

"Nilinyamaza, mama."

Mwanatumu alifunika uso kwa leso. Shifa alijua kwamba mama analilia neno alilolitoa jikoni, neno moja la kusaidia, ambalo ingekuwa heri asingelitoa. Kama wangesema kweli, pengine mzee angekasirika mwezi, akapoa. Jina lililotamkwa kwa ujinga husameheka. Lakini sasa alikuwa amechezewa mbele ya watu, akafanywa mtoto, na mikono yake mwenyewe ikalambwa.

"Nenda kamwambie sasa," mama alisema chini ya leso. "Mwambie ni mimi."

"Nikimwambia, atatupoteza sisi pia. Menza alikwishalipa."

Aliianika kanzu kwenye kamba. Ilikuwa nyeupe kama haijawahi kuguswa na kitu.

Karibu na magharibi, Mzee Kamaludin alitoka chumbani akijitayarisha kwenda msikitini. Kofia yake ya vito ilikuwa imebaki ukumbini, juu ya kabati, na binti yake alikuwa ameketi huko akitazama ukuta. Alisimama mlangoni, akafungua mdomo amwite, kama alivyomwita asubuhi na jioni kwa miaka yote ya maisha yake.

"Shi..." alisema.

Akakwama. Shifa aliinua uso, akangoja. Aliona midomo ya baba yake ikilitafuta lile jina na kuogopa kuligusa, na akataka kumsaidia, amwambie ni jina langu, baba, ni langu bado, liite tu.

"Wewe, mama," baba yake alisema. "Niletee kofia."

Akampelekea. Mzee hakuliita tena jina lile, siku ile wala siku nyingine, na Shifa aliishi nyumbani kwao akiitwa mama, na mwanangu, na wewe, na kila alipoitwa alikwenda.